Kabla ya Kupatanisha, Uliza Kwanza

Leo tunasema juu ya utafiti. Si ule wa kuhesabu vichwa na nyumba, bali ule wa kukaa na watu na kusikiliza maneno yao. Hesabu itakuambia nyumba ngapi zimeungua. Haitakuambia kwa nini jirani alileta moto.

Tuchukue Kabongo yetu. Mwisho wa karne ya 19, ndugu wawili wa ukoo wa kifalme wa Waluba, Kabongo na Kasongo Nyembo, waligombania kiti. Ufalme ukagawanyika, na Wabelgiji wakauacha hivyo. Kila upande una wazee wake wenye kusimulia habari. Mtu akifika kwa wazee wa Kabongo tu, akaandika, akaondoka, amechukua nusu ya habari, na nusu hiyo akiipeleka redioni kama ukweli wote, amewasha ugomvi upya.

Mwanahistoria Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alifundisha kwamba simulizi ni ushahidi. Uulize: nani anasema? Alisikia kwa nani? Maneno haya yanamfaa nini? Hata lukasa, kibao cha shanga cha chama cha Bambudye, hakisomwi kwa namna moja. Msomaji hufuata shanga zilezile, lakini masimulizi yanabadilika kufuata shauri lililoletwa mbele yake.

Basi wewe wa kamati ya amani, usianze kwa kuuliza, “Nani alianza?” Hapo umekwisha kuwa hakimu. Uliza, “Siku ile ulikuwa wapi? Uliona nini?” Kisha nyamaza. (Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, hasa kwetu tunaopenda kusema redioni.) Chifu akikaa kando, vijana watakubali kila neno lake, kwa hiyo wafuate baadaye, peke yao. Wamama nao uwasikilize mahali wanapojisikia huru. Maneno ya Kiluba uyaandike kwa Kiluba kwanza, ndipo uyatafsiri.

Na majina? Vita vya mwaka 1998 hadi 2003 vilifika Katanga ya kaskazini, na mtu aliyepita vita huogopa daftari. Ana haki. Mweleze kazi yako, na akikataa, mwache. Akikubali, andika namba mahali pa jina lake, na orodha ya majina iwe mbali na daftari. Masimulizi mawili yakipingana, usiyachanganye kuwa moja. Yaandike yote mawili, kisha urudi kwa kila upande uwasomee uliyoandika, wakusahihishe.