Daktari Kijana Si Mwanafunzi

Mzazi wa Isevya akimpeleka mtoto mwenye homa Kitete, akapokewa na kijana asiye na ndevu, hunung'unika: "Nimepewa mwanafunzi!" La hasha. Huyo amesoma udaktari miaka 5 na kuhitimu. Sasa anatakiwa afanye kazi mwaka 1 chini ya madaktari wazoefu, ndipo asajiliwe kikamilifu.

Wenyewe hawaukatai mwaka huo. Walipogoma Muhimbili Januari 2012 walidai posho zilizocheleweshwa, na Uislamu unamtaka mwajiri asicheleweshe ujira.

Ukiona anasita, mwombe kwa upole amwite mkubwa wake. Hilo halimvunjii heshima. Mtajie kila dawa uliyokwisha mpa mtoto, hata ile mizizi ya bibi.