JE, WAJUA? Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga

Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga kwa wingi Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mavuno ya Nachingwea yalihitaji njia ya baharini. Ndiyo sababu Mtwara, jirani wa mji mkongwe wa Mikindani, ikapata gati la maji marefu, reli na mji mpya.

Matrekta yalikuwa haba, basi vifaru vya vita aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Misitu na ardhi ngumu viliwashinda. Mpango uliachwa mwaka 1951, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Gati lilipokamilika, karanga za kupakia hazikuwepo. Reli ya Nachingwea nayo haikudumu. Ilifungwa na kung'olewa mapema miaka ya 1960.

Ardhi ya Nachingwea ikapata kazi kubwa zaidi. Wapigania uhuru wa FRELIMO walijifunzia vita hapo, Samora Machel akiwa miongoni mwa viongozi wao, hadi nchi yao, Msumbiji, ilipojitawala mwaka 1975.

Na gati? Limeokolewa na wakulima wadogo, kwa zao ambalo waasisi wa mpango ule hawakulijengea bandari: korosho. Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno ndio walioufikisha pwani hii. Korosho huning'inia nje ya bibo (tunda la mkorosho), kwenye ncha yake ya chini. Bibo ni tamu na lina maji tele. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua vidole vya anayeibangua.