Kumaliza Karakana ya Nyumbani kwa Ndani

Mjini Bunia, kazi ya ndani ya karakana ya nyumbani yenye paa la bati huanzia juu. Dari ya mbao hupunguza joto la mchana na kelele za mvua.

Ukutani ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa. Plasta ya simenti juu ya matofali mabichi hubanduka vipande vipande: udongo hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, simenti haiufuati. Udongo uliochanganywa na mchanga hushika vizuri zaidi. Ukikauka hupakwa chokaa, ambayo huongeza mwanga hata meno ya msumeno yakaonekana. Matofali ya kuchoma hulowanishwa kwanza, kisha hupigwa plasta ya simenti 1 kwa mchanga 4 au 5.

Sakafu ya zege humwagwa juu ya mawe yaliyoshindiliwa, ikanyweshwa maji siku 7 isipasuke.