Ndege Wasafiri Wapitao Ndara

Kila mwaka, mwezi wa Machi uingiapo, watu wa Ndara na Voi huona mbayuwayu wakikusanyika juu ya nyaya. Baada ya majuma machache hawaonekani tena. Wako wadhanio kwamba mvua ya masika imewaua. Sivyo. Ndege hao wanarejea kwao. Wakati huo baridi inakwisha katika nchi za Ulaya na Asia, wadudu wanatokea, na huko ndiko wajengako viota na kulea makinda yao.

Safari hiyo si ndogo. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, naye hana budi kuvuka nchi kavu za kaskazini na jangwa, ambamo chakula ni haba. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hula sana mpaka mafuta yajae chini ya ngozi yake; hiyo ndiyo akiba ya njiani. Masika yaanzapo, kumbikumbi na wadudu wengine huruka kwa wingi. Ndege aondokaye bila kushiba yumo hatarini kufa kabla ya kufika.

Habari hizi zimejulikanaje? Tangu mwaka 1969 wataalamu wa ndege hufanya kazi Ngulia, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, hasa Novemba na Desemba, ndege wajapo kusini. Usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda, taa za hoteli iliyo mlimani huwavuta ndege wapitao. Hunaswa kwa nyavu nyembamba, hupimwa, huvikwa mguuni pete nyepesi yenye namba, kisha huachiliwa. Mamia ya maelfu wamekwisha kuvikwa pete hivyo, na baadhi yao wameonekana tena Ulaya na Arabuni. Ndivyo njia yao ilivyojulikana.

Ndege hawa si wageni wa bure, maana wengi wao hula wadudu mashambani na penye mifugo. Basi yafaa wazee wawaonye watoto wasiwapige kwa manati, hasa mwezi wa Machi na Aprili, wakati wanapojiwekea akiba. Na mtu akiokota ndege aliyekufa mwenye pete, asiitupe. Aandike namba yake, mahali na tarehe, apeleke habari Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Huenda pete hiyo moja ikaeleza safari ya maelfu ya kilometa.