Kasri la Taveta na Shilingi 6,000 za Chama

Karibu na mji wa Taveta kuna jumba kubwa jeupe juu ya kilima, limekaa peke yake kama limesusa. Watu huliita Grogan Castle. Ni kasri, lakini mfalme hakuwahi kulala humo. Lilijengwa miaka ya 1930 na Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyekuwa na mashamba ya mkonge huku. Ni yule aliyejulikana kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo, iliyoisha mwaka 1900. Hospitali ya watoto ya Gertrude's kule Nairobi imepewa jina la mkewe.

Jumamosi moja tulienda kuliona, sisi wawili wa timu ya elimu kwa wateja pamoja na akina mama 12 wa chama kimoja cha Voi. Matatu ilijaa sawasawa. Lakini safari ilikuwa imeanza vibaya wiki moja kabla.

Mweka hazina wao aliona picha ya kasri kwenye mtandao wa kijamii, na chini yake namba ya simu. Akapiga. Jamaa akajibu kwa heshima zote: "Mama, Jumamosi watu ni wengi, tuma booking niwawekee nafasi." Kila mwanachama alikuwa ametoa shilingi 500, kwa hiyo 6,000 zikaenda zote. Kabla hajaweka namba ya siri, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mtu tu, wala si la kampuni wala la kasri. Aliliona, akadhani ni la karani. Kesho yake namba ile haikupatikana.

Alichofanya baadaye ndicho kilichomsaidia. Hakukaa kimya kwa aibu. Alipiga huduma kwa wateja palepale, akasoma namba ya muamala kutoka kwenye ujumbe wa uthibitisho. Pesa iliyokuwa bado kwenye akaunti ya yule jamaa ikazuiwa, na baada ya uchunguzi akarudishiwa 3,800. Zile 2,200 zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala, na tunasema wazi: pesa ikishageuka noti mkononi mwa mtu, sisi hatuwezi kuivuta tena. Kwa hiyo usingoje hadi jioni umuulize shemeji. Piga mara tu unapoingiwa na shaka, na usiufute ule ujumbe.

Barabara yenyewe ni zaidi ya kilomita 100, unapita Mwatate, Bura na Maktau, kisha unakata ndani ya Tsavo Magharibi. Ndovu wanaweza kuvuka wakati wowote, dereva asiharakishwe. Hapa watu wengi huchanganya malipo. Kabla ya Maktau kuna hifadhi ya Taita Hills, ambayo ni ya binafsi, na malipo yake ni kwa wenyewe. Mbuga za taifa, kama Tsavo Mashariki yenye lango lake pale Voi, ziko chini ya KWS na hazipokei noti langoni. Unaingia eCitizen, unachagua mbuga, siku na idadi ya watu, unapewa ankara. Unalipa Paybill 222222, na kwenye sehemu ya akaunti unaandika namba ya ankara yako. Fanya hivyo ungali Voi, uhifadhi risiti kwenye simu, na ubebe kitambulisho. Atakayekuambia "nitumie kwa namba yangu, nitakulipia langoni", mwache hapo hapo.

Katikati ya mbuga simu zetu zilikaa muda mrefu bila mtandao. Tulipokaribia Taveta zikarudi, lakini mbili zikashika mtandao wa Tanzania, na menyu ya pesa ikagoma. Hilo si balaa. Ingia kwenye mipangilio, uondoe ile ya kujichagulia yenyewe, uchague mtandao wako wa Kenya kwa mkono.

Kule juu mlinzi hakuwa na habari ya booking yoyote. Alitusikiliza, akacheka kidogo, akapiga simu kuomba ruhusa, tukaingia. Kutoka pale unaona Ziwa Jipe na milima ya Upare ng'ambo ya mpaka. Kilimanjaro ulikuwa umejifunika mawingu. Anayeutaka aondoke Voi alfajiri. Akina mama walipiga picha, halafu mmoja akauliza mawe yale yote yalipandishwa na nani. Hakuna aliyejibu. Taveta hadithi ya mashamba makubwa na watu wasio na ardhi haijaisha, na jumba lile linaitazama kutoka juu.

Bustani nzuri kuliko zote tuliipata mjini, kwenye makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu, na kiingilio hakuna. Wengine waliolala pale walikufa mwaka 1916, mwaka wa mapigano ya kilima cha Salaita, ambacho tulikuwa tumekipita njiani. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hiyo, wengi wao hawana hata jiwe lenye jina.

Kurudi, tulisimama soko la Taveta. Jumamosi ni siku ya soko, ndizi zimerundikwa hadi barabarani. Mweka hazina alikuwa amesisitiza tangu asubuhi kwamba zile 2,200 atazilipa mwenyewe, na wenzake walikuwa wamekataa, wakabishana hadi Maktau. Sasa alichagua mikungu mitatu, akaandika namba ya Till ya muuzaji, akasimama kidole juu ya simu.

"Jina lako la biashara ni nani, dada?"

Muuzaji akalitaja. Mama akalisoma kwa sauti kutoka kwenye kioo, herufi kwa herufi, na ndani ya matatu wakaitikia wote: "Ndiye! Tuma!"