Nyumba Moja, Lugha Tatu



Wengi wetu tumezoea kuiona video kuwa ni chombo cha kuhifadhia kumbukumbu za harusi na za safari za nyumbani. Wapo, hata hivyo, wasanii waliokitwaa chombo hicho hicho wakakifanya kalamu, wakaeleza kwacho mambo ambayo familia za ugenini huyajua lakini aghalabu hazipati njia ya kuyasema. Mmoja wao ni Bi Zineb Sedira, na kazi yake inastahili kuelezwa hapa kwani inagusa nyumba zetu nyingi.

Bi Zineb alizaliwa mwaka 1963 katika viunga vya jiji la Paris, na wazazi wake ni Waaljeria. Mwaka mmoja kabla ya hapo Aljeria ilikuwa imejipatia uhuru baada ya vita vya karibu miaka minane dhidi ya Ufaransa. Kwa hiyo alikulia katika nchi ile ile iliyokuwa imewatawala wazee wake; Kiarabu kilikuwa cha nyumbani na Kifaransa kilikuwa cha shule. Mwaka 1986 alihamia Uingereza, akasomea sanaa London, na binti yake akakulia katika Kiingereza. Ndivyo vizazi vitatu vya wanawake wa ukoo mmoja vilivyojikuta kila kimoja na lugha yake.

Mwaka 2002 Bi Zineb alitengeneza kazi aliyoiita *Mother Tongue*, yaani Lugha ya Mama. Ni video tatu zinazoonyeshwa kwa pamoja, na katika kila moja wanaonekana wanawake wawili wakiulizana habari za utoto wao. Katika ya kwanza, yeye anasema na mama yake kwa Kifaransa, na mama anajibu kwa Kiarabu. Mazungumzo yanakwenda bila ya kukwama, kwani kila mmoja anaifahamu lugha ya mwenziwe. Katika ya pili, binti anasema Kiingereza na Bi Zineb anasema Kifaransa, na hapo pia mambo ni shwari. Katika ya tatu wamekaa bibi na mjukuu. Bibi anasema Kiarabu, mjukuu anasema Kiingereza, na hakuna anayemfahamu mwenziwe. Maneno yanakatika, kimya kinatanda, na yule wa katikati ambaye angeweza kuwaunganisha hayumo katika mazungumzo.

La kuzingatia ni kwamba katika kazi hii hakuna ugomvi wala mkosaji. Hakuna aliyeikana asili yake, na hakuna mtoto aliyemdharau mzee. Hasara ilitokea mahali ambapo kila kitu kilionekana kuwa sawa, yaani katika yale mazungumzo mawili ya mwanzo. Mama na mtoto waliridhika kwa kuwa walifahamiana, na kufahamiana kukawatosha. Lakini lugha inayofahamika tu bila ya kusemwa haina njia ya kumfikia mjukuu. Humfikia yule wa katikati, ikakoma kwake.

Kinachopotea hapo si msamiati peke yake. Kila aliyehama ana maisha mengine ambayo hakuyaishi: mtaa ambao angekulia, shule ambayo angesoma, jirani ambao wangemwita kwa jina la babu yake. Maisha hayo mtoto hawezi kuyaishi tena, lakini anaweza kuyapokea kwa masikio. Mwaka 2003 Bi Zineb alitengeneza kazi nyingine ambamo mama na baba yake wanasimulia vita na safari yao ya kwenda Ufaransa, naye anaonekana akiwasikiliza. Na mwaka 2022 aliiwakilisha Ufaransa katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, nchini Italia, naye ndiye msanii wa kwanza mwenye asili ya Aljeria kupewa nafasi hiyo. Huko alijenga upya sebule ya nyumba yake ya London, akaigiza upya vipande vya filamu za zamani zinazohusiana na Aljeria, na yeye mwenyewe akaonekana ndani yake. Aliyezaliwa ugenini aliingia kwa njia ya sanaa katika maisha yaliyompita.

Nasi tujitazame. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Oman kufungua milango yake mwaka 1970, familia nyingi zilihamia Maskati na Kiswahili chao mdomoni. Watoto wao wakasoma kwa Kiarabu, na wajukuu wakaongeza Kiingereza. Kwa walioko Uingereza na Marekani mwendo ni ule ule. Mama husema, "Njoo ule," mtoto hujibu kwa Kiingereza, chakula kikaliwa, na siku ikapita pasina mtu kuona kasoro yoyote.

Atasema msemaji kwamba mapenzi hayahitaji tafsiri, na kwamba mkono wa bibi kichwani mwa mjukuu unatosha. Ni kweli kuwa unatosha kwa mapenzi. Lakini mkono hauwezi kusimulia jahazi lililombeba, wala kueleza kwa nini jina fulani limerudiwa katika ukoo mara tatu.

Dawa yenyewe haina gharama. Mtoto akijibu kwa lugha nyingine, aombwe kwa upole ajibu tena kwa Kiswahili, hata kiwe kibovu, na asichekwe. Bibi akija, au akipigiwa simu, mzazi asikimbilie kutafsiri, amwachie mjukuu aulize mwenyewe swali moja: "Bibi, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukicheza nini?" Na atakayekuwa na chombo cha kunasia picha na sauti, akiwashe wakati huo, kwani wazee hawatungoji.