Kishikizo, si Kibandiko

Tumeulizwa na wafasiri jina la kinundu cha rezini kinachogandishwa juu ya jino ili kifuniko angavu cha kunyooshea meno kipate pa kushika. Wengine wameandika "kibandiko". Hatuafiki, kwani kilichobandikwa hubanduliwa, na mgonjwa asije akakibandua. Twapendekeza "kishikizo", neno ambalo mafundi cherehani wanalo tangu zamani.

Maelezo nayo yasilegezwe. Jino husafishwa, hupakwa asidi ya fosforiki ili uso wake upate vitundu vidogo mno, huoshwa, kisha hukaushwa kabisa. Hilo "kabisa" mfasiri asiliache: mate yakiligusa jino, rezini haishiki. Hupakwa gundi, kiolezo chenye rezini hukandamizwa, na mwanga wa buluu huigandisha. Rezini iliyotapakaa isipoondolewa, kifuniko hakikai sawasawa, na jino halifuati mwendo uliokusudiwa.